Kishikio Kilichovunjika Mara Nne

Jumatatu, 3 Juni

Nimevunja kishikio cha maikrowevu. Mimi! Mimi niliyebandika karatasi ukutani: FUNGUENI TARATIBU. Gauni la bibi harusi liko mezani halijaisha, chai imepoa, nina haraka — nikavuta mlango kama navuta mbuzi mkaidi. Kwaa. Kishikio hiki hapa mkononi.

Hakuna aliyeona. Mama mkwe alikuwa anaoga. Kitinda mimba wetu yuko shule. Bwana Kesho yuko kazini (ndilo jina nililompa mume wangu, kila jambo kwake ni kesho). Nikachukua gundi ninayobandikia shanga za magauni, matone mawili, nikakirudisha. Ukikitazama, kizima. Ukikivuta, sijui.

Ningesema tu, yakaisha. Lakini nianzie wapi? Juzi nimemsema mume wangu jioni nzima kwa kufunga ule mlango kwa kiwiko. Maikrowevu nimeinunua kwa cherehani yangu na macho yangu, na kila mtu humu ndani anajua. Nimewajulisha vya kutosha.

Jumanne, 4 Juni

Kishikio kimekaa. Mimi nafungua kwa kucha, pembeni.

Ajabu ya leo: mtoto kanywa maziwa baridi. Mtoto huyu, ambaye angeweza angepasha hata maji ya kunywa. Nikamuuliza kama anaumwa. Anasema mwalimu wao kasema ya baridi yana faida. Faida gani? Hakuikumbuka.

Jumatano, 5 Juni

Bwana Kesho kala wali wa jana bila kuupasha. Kasimama, harakaharaka, kama anafukuzwa. Anasema leo joto. Joto gani? Nimevaa sweta! Halafu akaosha vyombo bila kuambiwa. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijawahi kuona.

Ana nini huyu? Nimeshona pindo la suruali ya mteja, nikalifumua, nikalishona tena vilevile.

Ijumaa, 7 Juni

Sasa ni Mama. Tangu aje kukaa nasi mwaka jana, goti lilipomharibikia, maikrowevu ndiyo msaidizi wake: anapasha chai mwenyewe, hamwombi mtu. Leo nimemkuta anachemsha kwa sufuria, kasimama mbele ya jiko na goti lile, kashikilia meza.

Nikamwambia, Mama, si upashe tu huku? Akasema, mwanangu, vitu vya watu vinataka mikono ya vijana.

Vitu vya watu. Kwa mwanawe? Neno hilo nimelirudia kichwani kutwa nzima, na sijui nimemkosea wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama alikuwa nje anaota jua. Nikainama kukikagua kishikio. Sielewi. Gundi yangu haina rangi. Lakini pale pana gundi nyeupe, ile ya madaftari. Pana nyingine ya kijivu, ngumu kama saruji, ile ya Bwana Kesho ya kuzibia mabomba. Na mguu wa chini umezungushiwa uzi mweusi, mizunguko midogo, sawasawa, fundo limefichwa kwa ndani. Uzi ni wangu. Fundo si langu. Fundo la namna hiyo humu ndani analifunga Mama peke yake.

Nikakaa chini sakafuni.

Kumbe! Kila mmoja alivuta, kikambakia mkononi, akadhani kavunja yeye, akakirudisha kimyakimya asinisikie mdomo. Mtoto kwa gundi ya shule, baba yake kwa gundi ya bomba, bibi yake kwa uzi. Na mvunjaji ni mimi.

Nilicheka. Halafu kicheko kikakauka. Nimekuwa simba kiasi hicho? Watu watatu, mmoja na mvi zake, wananificha kipande cha plastiki.

Nilitaka kusema wakati wa chakula, wote wapo. Nikafungua mdomo, nikasema chumvi imezidi. Wala haikuzidi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa fundi wa vyombo vya umeme, mtaa wa nyuma. Anasema mlango wa kuvutwa kila siku haukai kwa gundi, kishikio kibadilishwe chote. Akataka namba iliyo nyuma ya chombo. Namba imefifia, nusu haisomeki. Basi nimletee kipimo, tundu hadi tundu, atatafuta kinachofanana. Akaanza kunieleza jinsi ya kupima. Nikamwambia, baba, kupima ndiko kunanilisha.

Nimepima kwa futi yangu, nimeandika, nimempelekea. Nitakifunga wakati hawapo. Kila mmoja atadhani gundi yake ndiyo iliyoshika, mioyo itatulia, na mimi sitasema neno. Mpango mzuri kabisa.

Jumatano, 12 Juni

Maji yamezidi unga. Wifi kapiga simu: Jumapili anakuja kumchukua Mama, akakae kwake. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba. Kasema hapa anaharibu vitu, na hataki kuwa mzigo. Wifi akaniuliza polepole kama kuna jambo kati yetu. Nikasema hakuna.

Sijielewi. Mwaka mzima nalalamika kwenye daftari hili hili, kurasa zipo: Mama kahamisha mkasi wangu tena, Mama kakunja vitambaa atakavyo yeye, redio ya Mama. Leo naambiwa anaondoka, nimeegemea friji nalia. Nani atakaa na mimi jioni akishona vifungo huku akiwakosoa wasoma habari? Wala si vifungo. Nampenda yule mama. Haya, nimeandika.

Nimemwambia mume wangu amzuie. Anasema tutaongea kesho.

Jumamosi, 15 Juni

Kishikio kimefika! Nikasubiri wote watoke. Nikachomoa waya ukutani, nikabandua fremu ya ndani ya mlango kwa bisibisi bapa, skrubu mbili hizi hapa. Uzi wa Mama sikuukata. Niliufungua taratibu, nikauweka kwenye kopo la vifungo.

Hakiingii. Mguu wa juu unakaa kwenye tundu lake, wa chini umepitiliza. Nimekigeuza juu chini, vilevile. Nimempigia fundi kwa hasira. Anasema kafuata karatasi yangu: kumi na tisa. Nikapima upya. Kumi na saba. Mara tatu, kumi na saba.

Sentimita mbili zimetoka wapi? Nimezunguka jikoni nikijiuliza mpaka macho yakaangukia gauni la bibi harusi. Nafasi ya mshono! Miaka thelathini, kila kipimo ninachoandika naongeza mbili za kushonea. Mkono umeongeza wenyewe. Nimekiachia kishikio cha plastiki nafasi ya kupunguzwa.

Na kile cha zamani miguu imesagika, hakishiki tena. Mlango una matundu mawili matupu. Nimeufunika kwa kitambaa.

Jumapili, 16 Juni

Wifi kafika mapema kuliko alivyosema. Yuko sebuleni na mume wangu. Begi la Mama liko mlangoni, lile la bluu alilokuja nalo.

Nikamwita Mama jikoni, nikaondoa kitambaa. Alipoona matundu akashika ukuta. Akaanza, mwanangu, nilitaka kukwambia, nilivuta kidogo tu —

Nikamkatiza. Ni mimi, Mama. Ile Jumatatu ulipokuwa unaoga. Wewe ulikivuta kimeshavunjika.

Akakaa kwenye stuli. Akauliza, na ile gundi nyeupe? Mjukuu wako. Ya kijivu? Mwanao. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza lile nililoliogopa: umejua lini? Nikasema, Jumamosi ya wiki jana.

Akahesabu kwa vidole. Siku nane, akasema. Siku nane nasimama kwenye jiko na goti hili, na wewe unajua.

Nimeomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alichukua kishikio kipya, akakilaza juu ya cha zamani, akatazama pale kilipozidi. Uliongeza nafasi ya mshono, akasema. Hakuwa anauliza. Nikaona mdomo wake unacheza, au nilitaka kuona hivyo.

Wifi akaita kutoka sebuleni, Mama, twende, jua linapanda. Mama akanigeukia mimi. Akaniambia, kalete kipande cha mkanda mgumu na mkasi, tuupitishe kwenye matundu haya, watu wapate kupasha chai mpaka kije cha sawa.

Watu gani? Sisi tutakaobaki, au na yeye?

Mkanda nimeupata. Mkasi siuoni. Nimepekua meza ya cherehani yote, nimeketi hapa chumbani naandika badala ya kutafuta. Nimeita, Mama, mkasi uko wapi?

Anajibu kutoka jikoni: pale pale ninapouweka siku zote.