Goli la Sikukuu ya Shukrani

Jumamosi, 6 Septemba
Leo msimu wa timu ya chuo umeanza, na naapa kuuandika wote mpaka fainali, mazuri na mabaya, bila kupamba. Baba alikuwa mwalimu kambini, tulipokuwa wakimbizi. Alitufundisha kwamba ukiacha jambo moja makusudi, umeshadanganya. Kaka Yvan kapewa namba tisa. Tumeshinda mawili bila, la pili lake! Mama alikuja moja kwa moja kutoka Weston anakotunza wazee, sare bado mwilini, akapiga vigelegele. Watu wakageuka. Wageuke!

Jumamosi, 27 Septemba
Hatujafungwa bado. Kocha amemwahidi Yvan: wakifika fainali, mwakani chuo kitamlipia masomo. Sheria ya ligi ni moja kubwa — msimu ukiendelea, mchezaji wa chuo asichezee timu nyingine yoyote. Akikamatwa, timu nzima inanyang'anywa pointi.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya ibada Tonton Eustache alikuja kula kwetu. Tunamwita Tonton, yaani mjomba, ila si ndugu wa damu. Ni mzee wa kanisa, na ndiye meneja wa timu ya kanisa. Kesho ni sikukuu ya Shukrani, siku ambayo makanisa yetu ya Wakongo na Warundi hugombea kombe. Mwanawe ameitwa kazini kiwandani. "Yvan, mwanangu, nusu saa tu. Vaa jezi yake." Yvan akaeleza sheria. Tonton akacheka, mdomo umejaa sombe ya majani ya muhogo: ligi ya chuo itatujulia wapi sisi, huku Mount Dennis? "Au siku hizi mpira wa Mungu ni mdogo kwako?"

Baba akaendelea kula. Mama akasema Tonton ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii, akiwa na makoti mkononi. Basi, yakaisha.

Makoti yale tunayalipia mpaka leo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mvua! Yvan alivuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akaingia mwishoni, mguu wa kushoto, wavu ukatikisika. Kombe letu! Nilirekodi kwa simu. Tonton akaniambia nimtumie, iwe kumbukumbu. Nikamtumia.

Alhamisi, 16 Oktoba
Tonton ameiweka video kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni. Uso wa mfungaji hauonekani — mvua, kofia. Lakini sauti yangu inasikika kuliko kitu chochote: "Yvan! Yvan! Yvan!"

Nilimpigia Tonton simu aifute. Alisema nisiharibu furaha ya watu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nusu fainali. Moja bila. Tumeingia fainali! Yvan hakufunga. Alikuwa akiwatazama watazamaji, si mpira.

Jumapili, 19 Oktoba
Chuo tulichokitoa jana kimelalamika. Video imefutwa, lakini wanayo. Kocha amemwuliza Yvan. Yvan amesema si yeye.

Kanisani Tonton aliwapa mkono watu wote isipokuwa sisi. Mama akamfuata mpaka mlangoni. Nilisikia jibu lake: "Mama Yvan, mimi nilimfunga kamba? Kijana ni mtu mzima." Mchungaji akasema tuombe, Mungu ana mpango. Mpango! Kombe wameliweka juu ya kinanda, limefungwa utepe. Kwaya nzima iliimba ikiliangalia.

Jumanne, 21 Oktoba
Nilisimama mlangoni pa Yvan nikasema pole. Alinijibu kwa Kiingereza, kama mtu wa benki, kwamba nikalale.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kocha amepiga simu. Kesho asubuhi, kabla ya shule, anataka kuongea na aliyerekodi.

Baba alinikalisha jikoni. Alizungumza akitazama jiko. Nitasema Yvan alikuwa amesimama pembeni yangu, nami nilimwita atazame goli la mwenzake. Ni hivyo tu, alisema, maneno machache. Hata mtoto mdogo angeyaweza.

Nikamwuliza: "Baba, na ukiacha jambo moja makusudi?"

Akasema nile, chakula kinapoa. Sahani yangu ilikuwa tupu.

Nawaza wale wachezaji wengine. Nikisema kweli, msimu wao wote unafutwa, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa koti na Tonton Eustache. Nikisema uongo, watacheza fainali kesho kutwa wakidhani wameshinda kwa haki. Na Tonton? Yeye hakuna anayemwita popote. Kombe lake liko salama.

Ijumaa, 24 Oktoba
Bado ni giza nje. Yvan hakulala nyumbani. Yuko kwa rafiki yake kule mtaa wa Jane na Finch, karibu na chuo. Mama ametoka kwenda kazini bila kuniaga — hajawahi. Baba amevaa tai yake ya kanisani. Namsikia bafuni akijaribu Kiingereza mbele ya kioo: my daughter, she called him to see. Anakosea, anarudia. Mwalimu wangu.

Nina tumaini moja dogo, kwamba Yvan atatutangulia kwa kocha aseme mwenyewe. Nimemwandikia. Ameona, hajajibu. Nimemwandikia tena, nanakili hapa kwa sababu niliapa kuandika yote:

"Kaka, tunatoka sasa. Sikuulizi anachotaka Baba wala kanisa. Nijibu kabla hatujashuka kwenye basi: yule niliyemwita mara tatu, ni wewe au si wewe?"