Fisi Wangu Anatuua Pangoni, na Dada Amenitoa Kundini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka kwanza umalize, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu fisi, tena fisi ambaye hayupo duniani, yuko ndani ya kompyuta, na mimi ninayekuandikia ni mwanaume mzima wa miaka arobaini na mitatu, fundi miwani, kutwa nachonga vioo na kukaza skrubu ambazo wenzangu hata hawazioni, na nikifika nyumbani macho yananiwasha kama nimeyasugua kwa mchanga.

Nieleze mchezo kwanza. Ni wa mtandaoni, kila mtu ana mhusika wake, mnaingia kwa kundi kwenye mapango yaliyojaa mijitu, mnapigana chumba baada ya chumba mpaka mfike kwa jitu kuu, na mkifa wote mnaanza upya. Sisi tuko wanne na ni wa familia moja. Dada yangu mkubwa ndiye ngao, yaani anatangulia na kupokea kipigo ili sisi wengine tusiguswe, na hata maishani yuko hivyo hivyo, ni msimamizi wa ghala, wapakiaji wakimwona tu wanazima sigara. Mdogo wetu wa kike anarusha moto. Mumewe, shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, mpole mpaka unamwonea huruma, ndiye tabibu wetu. Mimi ni mpiga mishale, na mpiga mishale anaruhusiwa kufuga mnyama wa vita, wengine wana simba, wengine tai, mimi nikachukua fisi nikamwita Kiherehere, na jina likamkaa kuliko nilivyotaka.

Tunacheza kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, huu ni mwaka wa tatu, tangu baba alipofariki na dada akasema kwamba tukisubiri misiba ndiyo itukutanishe tutazeeka hatujuani. Yeye anakaa mbali, basi linachukua siku nzima, na mdogo wetu na mumewe wako mbali zaidi. Kwa hiyo saa hizo mbili za Jumapili ndizo ninazoongea na watu wangu, siku nyingine zote naongea na wateja kuhusu miwani.

Sasa huyu fisi. Mnyama wa vita unaweza kumweka katika hali tatu. Kuna ukali, hapo anamrukia adui yeyote anayemwona bila kuulizwa. Kuna kujilinda, hapo anapigana akiguswa. Na kuna utulivu, hapo hanyanyui mguu mpaka umwamuru. Wangu yuko kwenye ukali siku zote, na mapangoni hilo ni balaa, kwa sababu kundi linataka kupigana na maadui watano, yeye keshakimbilia chumba cha pili kuwaamsha ishirini, halafu anarudi nao mbio mpaka miguuni kwa shemeji, na tabibu akishakufa sote tumekwisha. Siku moja tuliruka kutoka kwenye jabali kwenda chini, yeye hakuruka, akazunguka kwa ngazi akapita pango zima, tukamsikia kabla hatujamwona. Dada amenielekeza kwa upole, amenielekeza kwa ukali, shemeji ameniandikia maelekezo ukurasa mzima na vichwa vya habari, na mimi kila mara najibu sawa, sawa, nimeelewa, labda ni mtandao unanisumbua.

Si mtandao, mshauri. Kitufe cha utulivu nakijua kilipo tangu wiki ya kwanza. Namwacha fisi kwenye ukali kwa sababu mara nyingi mimi mwenyewe sipo kwenye kiti, na nikimtuliza atasimama tu kama kigingi, watajua hakuna mtu nyuma yake.

Naishi na mama. Kumbukumbu zinamtoka. Ilianza na ufunguo na sufuria, sasa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, anawasha jiko na kulisahau, anavaa viatu anasema anachelewa kazini, na alistaafu miaka kumi na tisa iliyopita, alikuwa mpokea simu wa ofisi kubwa. Siku za kazi kuna jirani, mkunga mstaafu, anakaa naye mpaka nirudi, lakini Jumapili ni mimi peke yangu, na usingizi wa mama umekatika vipande, kwa hiyo na wangu umekatika. Kuna siku nilisimama dukani na miwani ya mteja mkononi, nikashindwa kukumbuka nilikuwa nataka kuikaza au kuilegeza.

Dada na mdogo wangu hawajui. Wakiuliza nasema mama hajambo. Baada ya mazishi dada alitaka kumchukua, mimi nikakataa mbele ya ndugu wote, nikasema mama hatoki nyumba hii, niko mimi, na nilivyolisema nilipiga kifua. Sasa nirudi nikamwambie nini? Wakati mmoja mama alinivua vidude vya masikioni katikati ya mapigano, akavivaa yeye, akasema kwenye kinasa sauti kwa ile sauti yake ya kazini, "Subiri, nakuunganisha," na wote wakacheka, mdogo wangu akasema mama bado mcheshi, na mimi nikacheka nao.

Wiki sita tulikuwa tunashindwa na jitu kuu moja, na mara nne lilikuwa kosa la fisi. Basi dada akaniambia mbele ya wote, "Kaka, ama umshike huyo mnyama ama umwache nyumbani." Niliumia, nikaapa Jumapili inayofuata nitacheza kama mtu mzima. Na ilipofika, nilimpa mama chakula, nikamlaza, nikafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo.

Siku hiyo sikuinuka hata mara moja. Nilimweka fisi kwenye utulivu, nikimwambia nenda anakwenda, nikimwambia rudi anarudi. Nilimsikia mama anabisha. Hakupiga kelele, alibisha taratibu kama mgeni, "Hodi? Hodi hapa?" na mimi nikaongeza sauti ya mchezo. Jitu likaanguka. Dada akasema, "Umeona? Ukitaka unaweza." Sijasikia dada akinisifu tangu nikiwa shule.

Nilipofungua mlango nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, mkoba mapajani. Akaniangalia akasema, "Wenyewe hawapo. Nitarudi siku nyingine."

Jumapili iliyofuata sikuweza kufunga ule mlango. Nikamrudisha fisi kwenye ukali, nikawa naenda na kurudi, na nilipokuwa nimemshika mama bafuni fisi akawaamsha pango zima, wakafa wote mara tatu. Jumatatu dada akaniandikia nipumzike kwanza, wamepata mpiga mishale mwingine, mtu wa shuleni kwa shemeji.

Naomba uniambie nimfanye nini huyu fisi ili wanirudishe, au niache mchezo kabisa, maana nimechoka, na sijui tena nimechoka na kipi.

Fundi Miwani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, sikucheka.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Ulikuwa umeandika namba ya simu ya duka mgongoni mwa bahasha, nikakupigia siku ile ile, kwa sababu mtu mzima aliyefungiwa chumbani na jikoni kuna moto si jambo la kungoja mtambo wa gazeti. Ulipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuuliza kama umeufunga tena ule mlango, ukasema hapana. Nakuamini. Nilikuuliza dada yako anatoka kazini saa ngapi. Ukasema saa kumi. Nikakuambia saa kumi na robo uwe umeshampigia, na usianze na fisi.

Ulimpigia, kwa hilo nakupongeza. Umeniambia alikugombeza robo saa nzima bila kupumua, na ulistahili kila dakika. Umeniambia pia kwamba ulipomaliza kumweleza aliuliza, "Kwa hiyo ile nakuunganisha, hakuwa anatania?" Ukamwambia hakuwa anatania. Ndipo akauliza mama siku hizi anakula nini, anavaa viatu namba ngapi, na ghala lake linaweza kumpa likizo ya siku ngapi, hilo la mwisho akijiuliza mwenyewe. Anafika Jumamosi hii. Mdogo wenu na mumewe watafika shule zikifungwa.

Sasa nikugombeze na mimi kidogo, kisha tuendelee. Mficha uchi hazai. Miaka mitatu umewaambia ndugu zako mama hajambo, halafu unawashangaa kwamba hawakusaidii. Wangesaidia nini? Uliwapa mzee mwenye afya na fisi mtukutu, wakashughulika na fisi. Ulipiga kifua mbele ya watu ukasema niko mimi, sawa, wengi tumeyasema maneno ya namna hiyo msibani. Maneno ya msibani yanaruhusiwa kurekebishwa. Kumuuguza mama peke yako mpaka hujui unakaza skrubu au unailegeza hakukufanyi mwana bora kuliko dada zako, kunakufanya fundi wa hatari tu.

Na kuhusu ule ufunguo. Ulifanya vibaya, unajua, na sitakuambia ulikuwa umechoka kana kwamba hilo linaufuta. Ulikuwa umechoka na ulifanya vibaya, yote mawili. Lakini Jumapili iliyofuata ulijua kwamba kundi litakufukuza, na mlango ukauacha wazi. Lishike hilo pia, usibaki na moja tu.

Kwa upande wa fisi mimi ni mbumbumbu, kwa hiyo nilimwita dada anayepanga kurasa hapa gazetini, ambaye ameyapiga hayo mapango tangu kabla hajaolewa. Alisoma barua yako, kisha akasema niandike hivi. Kwenye kundi, mnyama hakai kwenye ukali hata kwa dakika moja, hata ukiwa na dharura. Muweke kwenye utulivu kabla hamjaingia mlangoni. Amri za nenda na rudi ziweke kwenye vitufe vilivyo chini ya vidole vyako, usizitafute kwa kipanya huku watu wanakufa. Mtume kwa yule adui anayepigwa na ngao tu, si mwingine. Fisi ana mlio wa kuwachokoza maadui wamgeukie yeye, uzime, hiyo ni kazi ya dada yako na anaifanya vizuri. Mkitaka kuruka jabali, mfukuze mnyama kwanza, mkishafika chini muite upya. Na ukilazimika kuinuka, sema. Neno moja tu, "Ninainuka," kundi lote linasimama ukutani linakungoja. Huyo dada wa kurasa anasema kwenye kundi lake kuna mama wa mapacha, na kila Jumapili wanamngoja mara sita, na bado hawajafa kwa ajili hiyo. Ninyi mmekufa kwa sababu ulijifanya uko kwenye kiti.

Shemeji yako muombe radhi peke yake. Mtu amekuandikia maelekezo ukurasa mzima, ukampa jibu la mtandao.

Kuhusu kurudi kundini, usiombe leo. Yule mpiga mishale wa shuleni mwache acheze. Dada yako amekutoa bila kujua sababu, sasa anaijua, na kwa namna ulivyomwelezea kwangu, hahitaji mshauri wa kumkumbusha. Mchezo usiuache. Mtu anayeuguza mzazi anahitaji mahali ambapo watu wanamuita kwa utani, na wewe huna pengine. Ila lazima kuwe na mtu na mama saa hizo mbili, mtu mwenye macho na miguu, si mlango. Jirani yako mkunga muulize kuhusu Jumapili, hujawahi kumuuliza, uliniambia mwenyewe. Mama apelekwe kwa daktari akapimwe upya, na dada yako awepo ndani wakati daktari anaongea, asisimuliwe na wewe, maana usimulizi wako tumeshaujua. Kengele ndogo juu ya mlango wa nje utaipata dukani popote. Na suala la mama kukaa kwako, kwa dada, au kwa zamu, mlizungumze nyote watatu mkiwa mmekaa, siyo mkiwa mmesimama makaburini.

Nanyi mnaokaa mbali na wazazi wenu, mkiambiwa hajambo, ulizeni amekula nini leo, na nani alimpikia.

Fundi, dada yako akifika Jumamosi, mpe siku nzima ya kuzunguka na mama, muonyeshe jiko linavyozimwa, dawa zilipo, na viatu anavyovitafuta mama akitaka kwenda kazini. Usimfichie hata moja ili uonekane unaweza. Jumapili saa tisa usiwashe kompyuta. Muachie nyumba, ingia chumbani kwako, ulale mpaka mwili wenyewe ukuamshe.