Sponji Kwenye Kengele

Jumatatu, 2 Februari
Nimeitafsiri tena kwa maikrofoni ile filamu ya zamani ya Wafaransa, ya wezi wa vito. Haina rangi, lakini ukumbi wetu wa video hapa Kitengela ulijaa. Filamu zote za wizi tunazoonyesha zimeiga hii: genge dogo, mpango safi, halafu tamaa inawamaliza. Nimeikinai. Wakishaingia dukani hakuna anayesema neno karibu nusu saa, na mimi nalipwa kwa mdomo. Nikajaza. Walipoziba kengele ya duka nikasema, "Hata ng'ombe wa mama yangu pale Kisaju, ziba kengele yake kwa sponji, utembee naye hadi mpakani Namanga." Watu walicheka wakipiga viti. Nikajiona mkubwa.

Alhamisi, 5 Februari
Mama amepiga simu asubuhi. Ng'ombe watatu hawapo, na Nanyokie, yule wa kengele, ni mmoja wao. Tangu baba afe, mama hulala akisikiliza kengele hiyo. Jana hakusikia kitu. Nimeshindwa kunywa chai.

Ijumaa, 6 Februari
Nimeenda Kisaju. Kengele imeokotwa kando ya barabara. Ndani, sponji ya manjano. Naijua. Nimerudi ukumbini nikageuza viti. Sponji ya kiti cha mbele imekatwa kipande. Hapo hukaa Lemayian, mtoto wa mama mdogo, aliyecheka kuliko wote. Simu yake imezimwa. Namwonea kinyaa. Najionea zaidi. Ulimi uliponza kichwa, wangu umeponza boma la mama.
Mama sijamwambia.

Jumapili, 8 Februari
Mwenye ukumbi ameitaka tena filamu ile. Wezi walipoingia dukani nikazima maikrofoni. Watu wakazomea, wakadai niongee. Nikaiweka maikrofoni sakafuni. Baadaye wakanyamaza. Zilisikika patasi tu na pumzi za wale wanaume. Sikuwahi kuona wanavyotokwa na jasho.

Jumatatu, 9 Februari
Nimemwambia mama yote. Kisha polisi. Ng'ombe labda wameshavuka mpaka.
Mama hakunitukana. Alichokoa sponji kwenye kengele kwa kijiti, polepole, mpaka ikaisha. "Lemayian aliiba," akasema. "Lakini wewe ndio ulimwonyesha njia. Sasa mimi nitalala nikisikiliza nini?"
Tumemfunga kengele mtamba aliyebaki. Hajaizoea. Amesimama tu kando ya ua, hatikisi shingo.