Nilichomsomea Baba kuhusu yule Mwingereza

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na upepo wa Julai unapita chini ya mlango wa chumba changu hapa Lidcombe, Sydney, hata nikiuziba kwa taulo. Nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba. Leo nimemdanganya baba yangu, na sitaweza kufanya kazi nyingine yoyote kabla sijaliandika jambo hili.

Naandika hapa kwa sababu Baba hana habari na mambo ya blogu, na ninyi mnaopita hapa hamumjui.

Baba anaitwa Waziri. Kwa Wagogo wa Kongwa, tena watu wa kanisani, jina hilo liliwashangaza wengi. Babu alimpa kwa heshima ya waziri mmoja wa Uingereza aliyekuja kukagua ule mradi mkubwa wa karanga wa wakoloni, Baba akiwa bado tumboni. Babu alikuwa dereva wa trekta. Mgeni akampa mkono, akamwambia kupitia kwa mkalimani kwamba kazi hii ni ya maisha, yeye na watoto wake watazeekea humo. Babu akaamini. Mgogo na akili zake timamu, akauza ng'ombe wake wote, akajenga nyumba ya bati karibu na karakana.

Mradi ukafa muda si mrefu. Baba amekua akichunga ng'ombe wa watu.

Lakini ukimlaumu yule mgeni mbele ya Baba, mtagombana. "Hakujua," husema. "Wenzake walimficha." Tumelelewa kwa maneno hayo, mimi na kaka yangu.

Basi nikaja kumsoma huyo mtu. Binti yake alihamia Sydney, akazeekea hapa, akaacha masanduku ya karatasi za baba yake kwenye maktaba ya chuo. Uzamivu wangu ni maisha yake, kwa hiyo namjua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Mtoto wa mchungaji wa kanisa la kijijini, mwenye kigugumizi, aliyejifunza kuhutubia mbele ya kioo cha kabati. Aliingia bungeni baada ya vita akiwapigania wachimba makaa ya mawe, na aliwapigania kweli, hilo sitamnyima. Akapewa uwaziri wakati kwao chakula ni cha mgao na mafuta ya kupikia hakuna, na karanga za kwetu ndizo zilizotegemewa. Mradi ulipoanguka akajiuzulu, akashindwa uchaguzi uliofuata, akaishia kupanda waridi na kuwaandikia wahariri wa magazeti barua za kulalamika.

Nilikuwa nimeanza kumpenda. Miaka mitatu nimemtetea kwenye semina, na sasa naona nilikuwa natumia maneno ya Baba tu.

Jumanne nikafika kwenye shajara ya safari yake ya Kongwa. Mwandiko mdogo, wino wa buluu. Anasema jua limemchoma shingo. Anasema chai ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia. Kisha anasema amewahakikishia madereva kwamba kazi ni ya kudumu, ingawa tangu London alishaambiwa kuwa mradi utafungwa. Ukweli ungewafanya waondoke mapema, ameandika. Madereva wakampigia makofi.

Alijua.

Msimamizi wangu amefurahi sana, anasema sura ya nne imejiandika yenyewe. Mimi nilitoka nje ya maktaba nikakaa kwenye benchi lililolowa, na sikujali.

Shida ni kwamba nilishamwahidi Baba. Figo zimemchosha, hospitali imemrudisha nyumbani, na kila mtu anaelewa maana yake. Ombi lake lilikuwa moja: nikiupata ukurasa wa siku ile ya Kongwa nimsomee kwa Kiswahili, ndugu wakiwa wamekaa.

Asubuhi nilimwomba ushauri Mama Divine, Mrundi ninayepanga kwake, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Wewe mwambie tu vizuri," akasema. "Kuna mzee yangu kule kazini, kila siku namwambia your daughter is coming tomorrow. Anakula, analala, c'est tout, basi."

"Na wewe unalala?"

"Mimi niko na double shift, my dear. Nitalala saa ngapi?"

Saa kumi jioni za hapa, kwao asubuhi, wakapiga simu ya video. Simu ikazungushwa, nikawaona shangazi zangu wawili, kaka, na Baba ameegemezwa mito kwenye kochi, amekonda mpaka nikashtuka. Nikaufungua ukurasa. Nikasoma yasiyokuwemo: kwamba leo amekutana na dereva hodari, amemwahidi kazi ya maisha, na anaamini kila neno alilomwambia. Hata jina la babu nikalitia.

Shangazi wakapiga vigelegele. Baba akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa na mimi niseme langu. Mimi sikuwahi kuamini kwamba hakujua. Nilikuwa nasema hivyo ili babu yenu asionekane mjinga. Moyoni nilijua yule mtu ametudanganya, nikamchukia maisha yangu yote. Jina lake nimelibeba nikimchukia. Kumbe nilimsingizia."

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua.

"Mchungaji anakuja kesho baada ya ibada," akaendelea. "Nitatubu. Sitaki kufa na dhambi ya kumdhania vibaya mtu mwema."

Shangazi wakaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sauti, ili Baba anisikie.