Nyuzi za Cherehani Kwenye Injini

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya mvua.

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku, mimi na mama mkwe, tu wazima. Mama tangu msiba anakula kidogo na kulalamika sana. Kulalamika si neno, ila kule kutokula kumenitia wasiwasi.

Najua kaka yako amekwisha kukupigia simu kukulilia kwamba nimemnyang'anya gari. Basi tulia usikie na upande wangu, maana yeye akisimulia jambo huanzia pale alipoumia yeye.

Tulipomaliza tu kumzika marehemu mume wangu, kaka yako alikuja akachukua funguo mezani, eti gari la kaka yake haliwezi kubaki kwa mwanamke. Gari tulilonunua wawili, kwa mapazia ninayoshona na gereji ya marehemu! Nilikuwa nimesimama mlangoni na furushi la mteja. Nikamuuliza nitalifikishaje. Akaniambia, "Barabara ipo, miguu unayo." Wifi, maneno yale niliyameza lakini hayakushuka. Tangu hapo nikawa nabeba mafurushi kichwani, wateja wa mbali wananikimbia mmoja mmoja, na yeye akinipita ananipigia honi. Nilimwombea mabaya. Sitakuficha, nilimwombea kila siku.

Sasa lile gari ulijue. Injini imebanwa mle ndani, huwezi kupitisha hata kikombe. Plagi tatu ziko mbele, hata wewe ungezitoa. Tatu ziko nyuma, kati ya injini na ukuta, huzioni, unazipapasa tu. Mkono wa marehemu ulikuwa mpana, ukiingia hautoki bila kuacha ngozi. Kwa hiyo kazi ya nyuma ilikuwa yangu siku zote. Na waya za plagi nilizifunga nyuzi za cherehani, kila waya na rangi yake, na rangi ile ile pale waya inapochomekwa, zisije zikachanganyika. Marehemu alicheka mara ya kwanza. Baadaye akawa yeye ndiye anayenikumbusha nyuzi zikichakaa.

Kaka yako, kiherehere, akaamua kubadilisha plagi mwenyewe. Waya akazing'oa zote kwa mpigo, nyuzi zangu akazikata akazitupa, akisema gari si gauni. Kuzirudisha akabahatisha. Gari likawa linakohoa na kupasua milio, mwisho likagoma. Mafundi wakachungulia kule nyuma, wakamwambia injini ishushwe kwanza.

Jana likavutwa kwa kamba mpaka mlangoni kwangu. Yeye kwenye usukani, mpole kama kuku aliyenyeshewa. Akaniita shemeji, neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu achukue zile funguo. Majirani wote nje. Nikamuuliza tu kama ana plagi mpya. Akasema anazo, na waya pia.

Nikamshikisha taa. Kila plagi ya nyuma niliichomeka kwenye kipande cha bomba la mpira, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika njia yake, ndipo nikaikaza kwa spana. Kisha nikachomeka waya, kila moja mahali pake ninapopajua kwa kichwa, nikamwambia anipe nyuzi kutoka kikapuni mwangu. Akanipa moja moja, nyekundu, kijani, nyeusi, kwa mkono ule ule uliozikata. Wifi, nilizifunga polepole makusudi, majirani washibe kutazama.

Alipoliwasha, likawaka mara moja, likatulia. Nikamwambia ashuke nilisikilize kutoka ndani. Akashuka mbio, nikamjaza plagi kuukuu viganjani. Nikaketi, nikafunga mlango. Furushi la mapazia lilikuwa tayari kiti cha nyuma, nilikuwa nimelitia alipokwenda kunawa. Hapo ndipo akaelewa.

"Shemeji, na mimi nitarudije?"

"Barabara ipo, miguu unayo."

Mama alikuwa dirishani. Nikajua ataniita, maana yule ni mwanawe wa kumzaa na mimi ni wa kuolewa tu. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akavuta pazia. Mwosha huoshwa, wifi. Nikaondoka.

Kwa hiyo usinisihi nilirudishe. Nakuheshimu sana, lakini kwa hili hutaniweza.

Nisalimie shemeji mumeo, na binti yako mkubwa, umwambie gauni lake liko karibu kwisha. Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe usingizi mzuri na watu wema mlangoni. Mama anakusalimu. Jana jioni alimaliza sahani yake, akaomba nyingine.

Salamu za kaka yako sikuzichukua. Nilimwona kwenye kioo, alikuwa anatembea.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukimtetea.