Gari Limetembea

Mama watoto,

Mtu wa vyuma chakavu akija, usimpe gari. Mwambie arudi alikotoka. Vile vipande nilivyoletewa kwenye makreti, nikaviunga mwenyewe hapa uani, leo vimekuwa gari. Limetembea!

Shuka zilizo kwenye beseni zifuliwe tena. Sababu ni hii.

Ulipotoka tu asubuhi, nikaliwasha. Likaitika mara moja. Nikatia gia ya kwanza, likarudi nyuma. Nikatia ya pili, likarudi nyuma mbio zaidi. Mama yako alikuwa anaanika nguo. Akapiga kelele, "Mkwe, mbona linanifuata mimi?" Kamba ikakatika, shuka zikaburutwa mpaka ukutani. Yeye mzima, anacheka mpaka sasa.

Kosa ni langu. Difu ya nyuma, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, nimeifunga juu chini, ndiyo maana magurudumu yanazunguka kinyume. ~~Usimwambie kaka yako.~~ Basi mwambie, atajua tu. Naenda kazini kuazima jeki kubwa, niifungue na kuifunga upya.

Juzi uliliita sufuria lenye matairi. Iliniuma, lakini tuyaache. Tulikubaliana likitembea kwa injini yake kabla mtu wa vyuma hajafika, linabaki. Hukusema liende upande gani.

Mama yako ameingia kiti cha mbele, amefunga mkanda. Anasema anayelitaka gari alichukue na yeye ndani. Mpelekee chai huko huko.

Baba watoto