Mlango wa Choo Umegeuka Meza

Mpendwa Shangazi Dulcie,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi natimiza miaka kumi na marafiki zangu wanakuja kulala kwetu, na choo chetu hakina mlango. Si kwamba hatuna mlango, tunao, uko uani umelazwa juu ya mapipa mawili na watu wanakula soseji juu yake. Ilianza wakati wa mvua kubwa, mlango ulivimba ukawa haufungi, Baba akaung'oa akasema, "Dakika kumi tu, naupiga randa kidogo," akaupiga randa huku anapiga mluzi, halafu majirani wakaja kuchoma nyama na meza ikakosekana, Baba akautazama mlango, na tangu siku hiyo mvua zimekwisha na baridi imepita na kila mgeni anasema hajawahi kuona meza nzuri kama ile.

Mama alitundika shuka, lakini nyumba yetu imesimama juu ya nguzo kama nyingi za hapa mjini kwetu Mackay na upepo unapenya kwenye mbao za sakafu, shuka likapaa Bibi akiwa ndani na mtu wa posta akiwa barazani. Sasa sheria ni kwamba ukiwa chooni unaimba, ili watu wajue. Bibi Merle huimba nyimbo za kanisani, kaka yangu Rory huimba wimbo wa timu yake ya ragbi, Baba na mluzi wake. Mimi siimbi, Shangazi, sauti inakataa, kwa hiyo huenda choo cha jirani yetu Bwana Vassallo, na njiani kuna yule ndege mweusi wa mabaka meupe, msimu huu ana makinda na anadonoa kila kichwa kinachopita, basi navaa kopo la aiskrimu kichwani, na Rory ananiita Jemadari Kopo.

Bwana Vassallo alikuwa seremala zamani, akaniambia, "Binti, baba yako akimpeleka Rory mpirani Jumamosi asubuhi, mimi naingia na bisibisi yangu. Akirudi, mlango uko mahali pake." Nataka kukubali. Lakini Mama alipotaja fundi, Baba alisema, "Siku fundi akitundika mlango nyumba hii, mimi nahamia chini ya nyumba na mbwa!" Alicheka, lakini masikio yalikuwa mekundu. Na rafiki yangu Imogen anakuja, na kwa Imogen siri haifiki hata getini pa shule kabla ya kuvuja. Nimwaibishe baba yangu, au niaibike mimi?

Bridie Haddow

Bridie mwanangu,

Pole sana. Nimecheka mpaka chai ikapoa, kisha nikaona haya, maana mtoto kwenda chooni na kopo kichwani si jambo la kuchekwa. Waambie wakubwa wako nimesema hivyo, na Rory umwambie mara mbili.

Lakini na wewe nikuseme. Kumwingizia mtu fundi yeye akiwa mpirani ni kumwambia "huwezi" bila kumtazama usoni. Umewahi kumwambia Baba kwamba unateseka? Barua yako imetaja soseji, ndege na mtu wa posta. Mahali ulipomwambia sijapaona. Baba anayesifiwa meza kila wiki atajuaje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, vaa lile kopo, simama mbele yake useme, "Baba, hivi ndivyo ninavyokwenda chooni." Usiongeze neno mpaka ajibu. Kisha mwambie zawadi yako ya kuzaliwa ni akufundishe kutundika mlango.

Atababaika, nami naijua sababu. Mlango uliopigwa randa ukiwa umevimba kwa mvua, kiangazi husinyaa, na sasa haufiki kwenye fremu. Baba yako ameshaupima kimyakimya, usidanganyike. Si uvivu huo, ni haya. Marehemu mume wangu alifanya kosa hilohilo bafuni, akaniambia eti anapenda upepo. Dawa yake ni ubao mwembamba upigiliwe ubavuni, na kingo zote zipakwe rangi, ya juu na ya chini, zisinywe maji tena. Hapo ndipo mtamwita Bwana Vassallo, Baba mwenyewe akiwepo, aje kushika upande wa pili. Anayeshika upande wa pili si fundi, ni jirani, na ujira wake ni soseji. Madoa ya mafuta yaacheni. Imogen akiuliza, mwambie hiyo ni meza iliyostaafu.

Mlango ukisharudi, Bibi Merle ataendelea kuimba kwa mazoea. Asithubutu mtu kumnyamazisha. Nyumba yangu ina milango yote, na yote inafunga vizuri, mume wangu alihakikisha kabla hajaniacha. Asubuhi nakaa na chai yangu na hakuna anayepiga hata mluzi. Kwa hiyo funga komeo, mwanangu, kisha uimbe.

Shangazi Dulcie